Foleni ya Maji ya Kwanza

Watu wengi hustaafu wakiwa na mvi, kiinua mgongo na saa ya ukutani. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja, meno yote, na ukucha mmoja wa kidole gumba uliokataa kuota sawasawa tangu roli za kukamulia nguo ziupitie. Ajira ya ualimu niliyoiomba nikiwa bado na joho la mahafali mwilini imetoka. Nimepangiwa Ibaba, kule Ileje, na mashine za kufulia za Mama Sichone hapa Tunduma nawaachia ninyi, Faraja na Lusekelo.

Mama Sichone ndiye aliyesema niwaandikie ninayoyajua. Nikamuuliza kwa nini asiwaeleze mwenyewe, maana mashine ni zake na mdomo anao.

"Unaona?" akasema. "Hata kustaafu hujui bila kuuliza kwa nini."

Siku yangu ya kwanza kazini sikwenda kufanya kazi, nilikwenda kugomba. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya ualimu wa historia, nina shati moja la usaili, na shati hilo lilirudi kutoka kwa Mama Sichone likiwa safi kabisa na bila kifungo hata kimoja kizima. Nikamfuata uani kwake, nyuma ya maegesho ya malori. Nikamkuta mama mnene mwenye kitenge cha Kizambia, amesimama mbele ya pipa la chuma lenye miguu ya magurudumu. Katikati ya pipa kulikuwa na kikorogeo kinachogeuka huku na huku kama mtu anayekataa chakula. Juu yake roli mbili za mpira zilikuwa zinameza suruali ya dereva upande mmoja na kuitema upande wa pili ikiwa bapa kama chapati.

"Hii mashine ina umri gani?" nikauliza.

"Ni kubwa kuliko mama yako. Iamkie."

"Kwa nini usinunue ya kisasa? Unaweka nguo, unabonyeza, unaondoka."

"Hiyo ya kisasa inataka nini ili ifanye kazi?"

"Maji ya bomba na umeme."

"Haya mwanangu, bomba lile pale. Kafungue."

Nikafungua. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakacheka, na mimi niliyekuwa nimekuja na hotuba nzima ya haki za mlaji nikabaki nimeshika koki.

Ndipo nilipoangalia vizuri. Roli zilipokamua ile suruali, maji yalikuwa yanarudi ndani ya pipa. Hayakumwagika. Nguo zilizofuata ziliingia kwenye maji yaleyale, na nyingine baada ya hizo. Katika mji ambao bomba linaweza kukaa wiki nzima bila kutoa tone, yule mama alikuwa anafua nguo za nusu ya mtaa kwa maji ambayo mashine ya kisasa ingeyamwaga baada ya mzigo mmoja. Nikamwuliza maswali mpaka jua likahama upande wa pili wa ua. Mwishoni akasema kama nitaendelea kumsemesha, basi na mikono yangu ifanye kitu. Nikapewa mashuka nikamue. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hata sasa sijui usaili wangu ulianza saa ngapi.

Somo la kwanza ni la vifungo, kwa sababu ndilo lililonileta. Shati likunjwe, vifungo vikae ndani, kola itangulie kwenye roli. Zipu ifungwe kwanza, na iingie ikiwa imelala, kamwe isiingie imesimama. Mifuko ya ovaroli za madereva ipekuliwe hata kama mwenyewe ameapa kwa mama yake kwamba ni mitupu. Nimewahi kutoa mfukoni nati, kisu, nusu ya muhindi wa kuchoma, na picha ya mwanamke ambaye hakuwa yule aliyekuja kuchukua ovaroli. Picha niliirudisha mfukoni. Mengine mtayaamua wenyewe.

Somo la pili ni lile komeo jekundu juu ya roli, ambalo sisi tunaliita kifyatuo. Ukiligonga, roli zinaachana. Mjue lilipo hata mkiwa mmefumba macho. Mimi nililijua lilipo kwa nadharia, na ndiyo maana nina ukucha wa aina hii.

Mkiulizwa mashine hizi zimetoka wapi, msiseme dukani. Ya kwanza aliileta marehemu Mzee Sichone aliporudi kutoka kwenye migodi ya shaba ya Zambia, alikokuwa fundi. Wenzake walirudi na redio. Mkewe alinuna mwezi mzima, kisha akaizoea, kisha akaugua ugonjwa wa kuzitafuta nyingine. Madereva wa malori ndio waliokuwa macho yake. Wakiona moja imetupwa nyuma ya nyumba za zamani za wachimbaji kule ng'ambo, wanaipakia. Alikuwapo mmoja wa Kitwe ambaye kila akitushushia mashine yenye kutu alipiga magoti nusu na kusema, "Natotela, mukwai," yaani asante. Nikamwuliza Mama kwa nini mtu anayetuletea zawadi ndiye anayeshukuru. Akajibu kwamba mke wa dereva alikuwa amechoka kugonga kidole cha mguu kwenye chuma hicho kila asubuhi.

Nyingine tulizifuata wenyewe. Kule Saza tulikuta moja wachimbaji wanaitumia kuoshea udongo wa dhahabu. Mwenyewe alikataa kuitoa mpaka amalize kukwangua pipa lote kwa kijiko. Tulimsubiri, Mama Sichone akimcheka kwa uroho wake. Tulipofika nyumbani nikamkuta Mama ameinama ndani ya pipa lilelile, ana kijiko chake, eti anaondoa kutu. Kutu gani ile inayowekwa kwenye kitambaa na kupelekwa nje kuangaliwa juani?

Ibaba, huko ninakohamia sasa, tulimkuta bibi mmoja wa Kindali ambaye ndani ya mashine yake kulikuwa na kuku anaatamia. Mama alitoa maneno yote matamu aliyokuwa nayo.

"Mashine mtaichukua," bibi akasema, "lakini mwenye nyumba hajamaliza shughuli zake. Rudini vifaranga vikitoka."

Tukarudi vifaranga vilipotoka. Bibi akatupa mashine, na kuku akatufukuza mpaka barabarani. Nadhani ni yeye peke yake katika mkoa huu wa Songwe aliyewahi kuipenda mashine ile kuliko Mama Sichone.

Kubwa kuliko zote ilitoka kwenye misheni ya zamani huko Mbozi, ambako ilikuwa inafua mashuka ya wodi. Tunaiita Bi Mkubwa. Siku tuliyoileta nilisoma kibati kilicho mgongoni, nikamwambia Mama kwamba mashine imetengenezwa kwa umeme wa nusu ya nguvu ya wetu.

"Nani kasema?"

"Waliotengeneza. Imeandikwa hapa."

"Hao wako wapi sasa hivi?"

Akachomeka. Bi Mkubwa akanguruma kwa furaha kubwa, akatoa moshi mweupe, akazima. Baadaye tulimfungia mota ya pampu ya maji, ikawa inakwenda mbio mno, soksi zikawa zinaruka nje ya pipa kama panzi. Tiba ilikuwa kumwekea puli kubwa zaidi ili mwendo upungue. Mkibadilisha mota yoyote, kumbukeni soksi.

Roli ndizo zitakazowasumbua kuliko kitu kingine. Mpira wa zamani hupasuka, na mpya haupo. Sisi tunatumia roli za mkanda wa kubebea mawe mgodini. Fundi pancha wa maegesho anazivisha mpira wa ndani wa tairi la lori na kuupika mpaka ushike. Mwambieni asiache mshono. Mshono mmoja unatosha kuchora mstari kwenye kila shuka la gesti, na mwenye gesti ataanza kuuliza wageni wake wamelala na nini.

Sasa nifike kwenye maji, kwa sababu chuma ni rahisi, watu ndio wagumu.

Utaratibu mnaujua. Maji yanajazwa mara moja. Nyeupe zinaingia kwanza, hayo ndiyo maji ya kwanza. Zinafuata za rangi, maji ya pili. Kisha ovaroli za madereva na mafundi, maji ambayo kufikia hapo yanaweza kusimamisha mwiko. Ya kusuuzia yanakaa pembeni kwenye mapipa yake. Ni utaratibu wa akili tu. Lakini nilipofika nilikuta umeshageuka kuwa cheo. Mke wa mchungaji anakuja na shuka la bluu iliyoiva, anaapa ni jeupe. Mabwana wa kubadilisha pesa mpakani wanaamka alfajiri kuja kufunga kona, yaani kufunga ncha ya nguo kwenye fremu ya roli ili ijulikane wao ndio wa kwanza. Watu wawili waliacha kusalimiana kwa sababu mmoja alisikia taulo lake limefuata nyuma ya suruali za mwenzake.

Mimi na usomi wangu nikaona huu ni ushirikina. Nikachukua leso mbili, nikazipaka uchafu uleule, moja nikaiweka maji ya kwanza, nyingine maji ya pili. Zilipokauka nikampa Mama Sichone achague iliyo safi. Akazigeuza, akazinusa, akachagua ile ya maji ya pili.

"Umeona!" nikaruka. "Hakuna tofauti. Ni mawazo tu!"

"Nimeona," akasema, akiifunga leso kichwani kwake. "Sasa nenda kamwambie mke wa mchungaji. Mwanangu, hawa hawaji hapa kutafuta usafi peke yake. Usafi wangeupata kwenye beseni. Wanakuja kutangulia."

Kesi ngumu kuliko zote ilianzia kanisani. Usharika wetu ulikuwa umepasuka vipande viwili kwa sababu ya spika. Wengine walitaka ielekee waumini, wengine walitaka ielekee barabarani ili hata madereva kwenye foleni ya mpaka wasikie neno. Wa barabarani walitoka, wakaenda kusali kwenye ukumbi wa shule. Tukawaita Waliotoka, na wao wakatuita Waliobaki kwa sauti inayomfanya mtu aonekane kiporo. Kila upande ulibaki na kwaya ya kujaza benchi moja, majoho meupe ya pamba yaleyale, nyimbo zilezile.

Kwaya ya Waliobaki iliongozwa na Mwalimu Simbeye, mtu mwembamba ambaye hata akipiga chafya huitafutia sauti sahihi. Ya Waliotoka iliongozwa na Mama Nzunda, aliyekuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe mlima wa pili. Na binti wa Mama Nzunda, Tumaini, akapendana na Ezekia, mtoto pekee wa Mama Sichone, ambaye ni wakala wa forodha hapo mpakani. Mama Sichone ni Waliobaki hadi kwenye mifupa.

Ndoa yenyewe ilikubaliwa baada ya vikao ambavyo sitavielezea, maana nataka mmalize kusoma mkiwa bado vijana. Ilikubaliwa ifungwe kanisa la zamani na kwaya zote mbili ziimbe. Lakini Mama Nzunda aliacha sharti moja mezani. Watu wake wakidharauliwa hata kidogo siku hiyo, hawaimbi, na yeye mwenyewe hatakanyaga mlangoni. Tumaini naye alikuwa amemwambia Ezekia waziwazi kwamba bila mama yake hataingia kanisani. Mama Sichone akawa anatembea siku zile kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Ijumaa, kesho yake harusi, nikasikia bodaboda mbili zinakuja kwa mpigo. Ya kwanza ilimbeba Mwalimu Simbeye amekumbatia furushi jeupe. Ya pili ilimbeba Mama Nzunda na furushi jeupe kichwani. Walifika sawa, wakashuka sawa, wakafika mbele ya Bi Mkubwa sawa, na kila mmoja akafunga kona upande wake wa fremu.

"Mama Sichone," Mwalimu akasema, "kama desturi, Waliobaki tunaingia maji ya kwanza. Tuko hapa tangu mashine hii ina moshi."

"Mkwe," akasema Mama Nzunda, tena taratibu, jambo lililotutisha wote. "Mimi sina maneno mengi. Majoho ya watu wangu yakifuata nyuma ya jasho la hawa, kesho mtaimbiwa na redio."

"Jasho letu lina nini?" Mwalimu akauliza.

"Muulize aliyekaa nyuma yenu miaka yote."

Mama Sichone aliwapa viti, akawapa chai, akawaambia waende kwa amani, kila mtu ataingia maji ya kwanza. Walipoondoka akanigeukia uso umepauka.

"Maji tunayo kiasi gani?"

Tulikuwa nayo ya kujaza Bi Mkubwa mara moja, na ya kusuuzia. Bomba lilikuwa kavu tangu Jumatatu, na gari la maji lilikuwa limekwama kwenye foleni ya malori. Bi Mkubwa anachukua majoho ya benchi moja kwa mara moja. Nikapendekeza tugawe maji kwenye mashine mbili. Haikuwezekana, maji yakiwa chini ya mstari kikorogeo kinachana nguo. Nikapendekeza tuwaambie ukweli. Mama akaniangalia kama mtu aliyependekeza tuwapige mawe.

"Kwa hiyo benchi moja litaingia maji ya pili," nikasema.

"Na nyumba ya mwanangu itabomoka kabla haijaezekwa."

Hapo ndipo swali likanijia, na kwa mara ya kwanza swali langu lilikaribishwa. "Mama, kwani lazima tuingize benchi zima la mtu mmoja?"

Kisha tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo na kutambaa taratibu hadi upande wa pili.

Tukafungua mafurushi yote mawili. Nusu ya kila furushi ikaenda kulia, nusu kushoto. Mkupuo wa kwanza ukawa nusu Waliobaki, nusu Waliotoka. Wa pili vivyo hivyo. Mtu akiuliza kama majoho ya kwaya yake yaliingia maji ya kwanza, tungeweza kumjibu "ndiyo" bila kupepesa macho. Kuhusu kuyatenganisha baadaye hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu kila mteja ana uzi wake wa alama ndani ya kola. Waliobaki mweusi, Waliotoka kijani, na nyuzi zote tulishazipima kwa kuzisugua na kitambaa cheupe chenye maji ya moto.

Tulichemsha maji, tukajaza, tukaingiza mkupuo wa kwanza. Bi Mkubwa akakoroga. Mama akaanza kuimba wimbo wa harusi. Nilipoinua joho la kwanza kulipeleka kwenye roli, nikaona rangi ambayo sikuitegemea. Nikadhani ni macho. Nikainua la pili.

"Mama."

"Nini?"

"Njoo uangalie. Usipige kelele."

Alipiga kelele. Majoho yalikuwa na waridi hafifu, kama shavu la mtoto wa Kizungu aliyekaa juani. Tukayageuza ndani nje, tukakagua kola, nyuzi zote salama. Ni Mama mwenyewe aliyebonyeza upindo wa chini wa joho moja la Waliotoka na kuhisi kitu. Akafumua kidogo. Ndani ya upindo, umezungushwa joho zima, ulikuwa umeshonwa utepe mwekundu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wa aina ile inayoacha rangi hata ukiutazama kwa jicho lenye machozi.

Mama Nzunda hakuuamini uzi wetu. Aliogopa tutabadilisha majoho ya watu wake na yaliyochakaa ya Waliobaki, hivyo akawekea kila joho alama ya siri ambayo hakuna dobi angeweza kuikata bila kuonekana. Tuliyaangalia maji. Yalikuwa na rangi ya juisi ya rozela.

"Tumwage?" nikauliza.

"Umwage halafu ufulie nini? Mate?"

Tukafumua pindo za mkupuo wa pili, tukatoa tepe. Lakini maji yalikuwa yameshaharibika, na bila kufuliwa majoho yale yalikuwa na mistari ya jasho na vumbi la malori. Tukayaingiza. Yakatoka waridi iliyokolea, ya kujiamini kabisa.

Ninyi ambao mmekaa na mashine hizi mmeshaelewa. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyeweza kuthibitisha nguo yake iliingia maji gani. Siku hiyo ilikuwa imeandikwa wazi mwilini mwa kila joho, hafifu ni maji ya kwanza, iliyokolea ni ya pili.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, wakaja wote wawili. Mama Nzunda aliangalia kamba, akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi ya kuamsha ule mlima wa pili. Kabla hajaitoa, Mama Sichone akamwekea mkononi kile kirundo cha tepe nyekundu zilizolowa.

"Mkwe," akamwambia kwa upole, "vitu vyako tumevikuta. Hakuna hata kimoja kilichopotea."

Sijawahi kuona pumzi kubwa namna ile ikimezwa. Mwalimu Simbeye akaanza kucheka, kisha akaangalia kamba vizuri zaidi.

"Haya mengine kwa nini yamekolea?" akauliza. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, akapiga hesabu mwenyewe. "Maji ya pili! Na hili ni la besi wangu! Na hili, na hili!" Kisha akaliona la kwake. Lilikuwa hafifu. Akalitoa kwenye kamba taratibu, akalikunja kwa heshima, na nikaona hasira zikimtoka kama maji kwenye roli.

La Mama Nzunda lilikuwa limekolea kuliko yote. Naapa sikuchagua. Nilichukua ya juu kwenye furushi, na la kiongozi lilikuwa chini kabisa.

"Utaimba, mkwe?" Mama Sichone akauliza. Mimi niliyezoea kucheka kila kitu nikajikuta naangalia chini.

Mama Nzunda alizungusha zile tepe mkononi. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kukasirika bila kueleza utepe umetoka wapi. "Rangi hii," akasema hatimaye, "na gauni langu la kitenge, haitanitupa sana." Akaondoka na majoho.

Kesho yake kanisani spika ilikuwa imeelekezwa kwenye keki, mahali pasipoudhi mtu. Mabenchi mawili ya kwaya yaliwekwa kila upande, Waliobaki kulia, Waliotoka kushoto. Kila benchi lilionekana kama nyanya zilizochumwa bila mpango, moja mbichi, moja imeiva. Mwalimu Simbeye hakuweza kuvumilia, maana macho yake yana masikio. Akawaambia wa kwake waliokolea wasogee nyuma. Wakakataa kusimama nyuma ya hafifu. Msichana mmoja wa Waliotoka, mwenye joho hafifu, aliyekuwa amebanwa katikati ya waliokolea, akanyanyuka tu, akavuka kanisa, akakaa na hafifu wenzake upande wa kulia.

Besi wa Mwalimu, aliyekolea, akaona hiyo ni dharau. Akavuka kwenda kushoto. Wakafuata wengine. Kabla bwana harusi hajaingia, hafifu wote walikuwa kulia na waliokolea wote kushoto, Waliobaki na Waliotoka wamechanganyika bega kwa bega, wakitazamana kwa chuki mpya isiyokuwa na uhusiano wowote na spika.

Kisha wakaimba. Hafifu walianza kwa madaha. Waliokolea wakajibu kwa nguvu ya watu walioonewa, Mama Nzunda akiwa mbele, na dirisha moja likaanza kulia. Wimbo mmoja, pande mbili zikishindana, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliye jirani yake alikuwa adui mpaka juzi. Tumaini alipofika mlangoni, mama yake alitoka mbele ya waliokolea akaenda kumshika mkono na kumwingiza, bila kuacha kuimba. Mama Sichone alilia mpaka leso yake, ile ya maji ya pili, ikalowa.

Wasomi wenzangu wangesema tulileta umoja. Mimi niliyekuwepo nasema tulihamisha mpaka tu. Hadi leo kwaya ni moja, majoho ni ya waridi, na katika kila mkutano wao kuna hoja ya nani asimame mbele kati ya hafifu na waliokolea. Wawili wamewahi kuniomba kwa siri niwazimulie rangi kidogo. Nilikataa. Sikuwa tayari kuanzisha dhehebu la tatu.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Gari la maji lilikuwa limeleta ya kujaza mara moja. Kwenye fremu ya Bi Mkubwa kwaya ilikuwa imeshafunga kona tangu asubuhi, Mwalimu Simbeye mwenyewe amekaa kwenye benchi kulinda. Mlango wa ua ukafunguliwa, wakaingia Mama Sichone na Mama Nzunda wameshikilia ndoo moja, kila mmoja upande wake. Ndani kulikuwa na nepi za mjukuu.

Mnajua nepi zinaingia wapi. Nepi zinaingia mwisho, baada ya ovaroli, baada ya kila kitu, halafu mashine inasuguliwa na tunaomba msamaha.

"Maji ya kwanza," akasema Mama Nzunda.

"Maji ya kwanza," akasema Mama Sichone.

Mwalimu Simbeye akasimama. "Nepi? Mbele ya majoho ya Bwana? Zikiwa na... na hali hiyo?"

Mabibi wawili wakamgeukia kwa pamoja, na kwaya nzima ingejifunza kitu kwa jinsi walivyokwenda sawa. "Mwalimu, kaa chini!"

Akakaa. Nilikuwa na swali mdomoni, tena zuri. Nikalimeza. Nikafungua ncha ya joho la kwaya kutoka kwenye fremu, nikafunga nepi moja mahali pake, nikawasha Bi Mkubwa.